Mti wa Milima ya Shimba na Viumbe Waishio Ndani ya Mimea: Habari za Dawa ya Maitansini

Milima ya Shimba iko katika pwani ya kusini ya Kenya, katika nchi ya Kwale, mahali ambapo mtu asimamapo juu aweza kuiona Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Msitu wake hulishwa na mvua na ukungu wa baharini, na ndani yake huishi ndovu pamoja na palahala, mnyama ambaye hapatikani porini mahali pengine po pote katika Kenya. Mwaka 1968 sehemu kubwa ya milima hiyo iliwekwa kuwa hifadhi ya taifa. Wenyeji wa upande huo ni Wadigo, mmoja wa makabila tisa ya Mijikenda, ambao tangu zamani wameutegemea msitu kwa miti ya kujengea, kwa matambiko na kwa dawa.

Miongoni mwa mimea ya milima hiyo umo mti mdogo ambao wataalamu wameuita kwa Kilatini Maytenus buchananii. Huota pia katika nchi nyingine za Afrika, wala hauna umbo la kumvutia mpita njia. Lakini katika miaka ya 1970 ulikatwa kwa wingi katika Milima ya Shimba ukapelekwa Marekani, kwa sababu ndani yake ilionekana kemikali yenye nguvu ya kuzuia saratani, iitwayo maitansini. Habari hii imesimuliwa mara nyingi kuwa ni habari ya mali iliyochukuliwa na wageni pasipo wenyeji kupata kitu. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, ila hayakufika mwisho. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kemikali hiyo kutambuliwa, ilidhihirika kwamba katika mimea iliyo ndugu wa mti huu, si mmea peke yake unaoitengeneza. Kwa hiyo swali la kwamba dawa hii ni ya nani lina pande mbili: ni ya nani miongoni mwa watu, na ni ya nani miongoni mwa viumbe. Pande hizo hazina budi kusomwa pamoja, maana kosa lililotendeka katika upande mmoja ndilo lililotendeka katika upande wa pili.

Asili ya habari yenyewe ni mpango wa serikali ya Marekani. Mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo, ikishirikiana na Wizara ya Kilimo, ilianza kukusanya mimea kutoka pande nyingi za dunia ili ipimwe kama ina dawa. Mmea ulikaushwa, ukasagwa, ukalowekwa ili utoe maji yake, na maji hayo yakajaribiwa juu ya chembe hai za saratani zilizokuzwa katika vyombo, na juu ya panya waliopandikizwa saratani ya damu. Mimea mingi mno haikuonyesha kitu. Michache iliyoonyesha nguvu ilipelekwa kwa wanakemia ili waitafute kemikali yenyewe. Mpango huo ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mmojawapo wa wanakemia hao alikuwa S. Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia. Mmea uliomfikia haukutoka Kenya bali Ethiopia, nao uliitwa wakati huo Maytenus ovatus. Siku hizi jina lake ni Maytenus serrata. Mwaka 1972 Kupchan na wenzake walitangaza kwamba wameitoa ndani yake kemikali mpya, wakaiita maitansini kwa kufuata jina la mmea. Nguvu yake ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa kiasi kidogo kabisa kilitosha kuzuia chembe za saratani zisigawanyike. Lakini kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo vile vile. Kila kilo ya mmea mkavu ilitoa kama miligramu 0.2 tu. Ndiyo kusema kwamba ili kuipata gramu moja ya maitansini, zilihitajika kilo 5,000 za mmea.

Ndipo wakusanyaji walipoanza kuitafuta mimea iliyo ndugu wa ule wa Ethiopia, kwa kutumaini kwamba mmojawapo utakuwa na akiba kubwa zaidi. Mti wa Shimba ulitoa kama miligramu 1.5 katika kila kilo, yaani zaidi ya mara saba ya mwenzake. Kwa sababu hiyo mti huo ukavunwa. Waandishi waliolichunguza jambo hili wametaja kwamba mavuno ya Shimba yalifika kilo 27,215. Tukio hilo likipigiwa hesabu, huonekana jinsi lilivyokuwa kubwa na jinsi faida yake ilivyokuwa ndogo: hata kama hakuna kilichopotea katika kazi ya kuichuja, shehena yote ile isingetoa zaidi ya gramu 41 za maitansini, uzito ambao mtu aweza kuushika katika kiganja. Waandishi hao wamesema pia kwamba baada ya miaka minne, mahitaji yalipotokea tena, miti mipya ilikuwa haijaota ya kutosha, na wakusanyaji waliipata kwa shida. Baadaye mmea mwingine wa jamii hiyo hiyo, Putterlickia verrucosa wa Afrika ya Kusini, ulionekana kuwa na kama miligramu 12 katika kila kilo. Lakini wakati huo miti ya Shimba ilikuwa imekwisha kukatwa.

Hapa ndipo penye mzozo wa kwanza. Katika maandishi ya miaka ya 1980 na 1990, miongoni mwao yale ya mtaalamu wa Kenya Calestous Juma, imeelezwa kwamba Wadigo walikuwa wakiutumia mti huo kwa magonjwa ya namna ya saratani tangu zamani, na kwamba si mti wala maarifa yao yaliyolipiwa. Kwa upande mwingine, makala za wanakemia zaonyesha kwamba mlango ulifunguliwa na mmea wa Ethiopia, uliopimwa katika mpango uliokusanya mimea ya kila namna, na kwamba mti wa Shimba ulitafutwa kwa sababu ya udugu wake na mmea huo. Habari hizi mbili hudhaniwa kuwa zapingana, na kila moja imetumiwa kuikanusha nyingine.

Kwa kweli hazipingani zikitenganishwa vizuri. Moja yajibu swali la nani aliyeitambua kemikali. Ya pili yajibu swali la nani aliyeujua mti na kukaa nao. Mkusanyaji aliyetoka ng'ambo aweza kuja na jina la Kilatini na picha ya jani, lakini hawezi kutoa msituni maelfu ya kilo za mti mdogo uliotawanyika bila ya watu wanaoujua msitu. Wala haifai kuyachukua maneno ya waganga na kuyageuza yaseme zaidi ya yanavyosema. Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Ndiyo maana ya neno la Kilatini lililoingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza kuwa kansa. Pamoja na maneno hayo, watu wa pwani wanalo jina la donda ndugu, yaani kidonda kibaya kisichopona ambacho huzidi kula nyama ya mwili. Donda ndugu laweza kuwa saratani, na laweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa. Mwenye kutafsiri maneno ya mganga kwa neno moja la hospitali aweza kumpa sifa asiyoidai, au kumnyima ile aliyo nayo. Katika makala za kikemia jambo hilo halikupata nafasi hata kidogo: jina la Kilatini ndilo lililosafiri pamoja na magunia, na jina alilolitumia mwenyeji likabaki msituni.

Maitansini yenyewe haikutimiza matumaini yaliyowekwa juu yake. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ilijaribiwa kwa wagonjwa huko Marekani. Ndani ya kila chembe hai mna nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati mfano wa vijibomba, ambazo hujengwa wakati chembe inapotaka kugawanyika, na ndizo ziivutazo mirathi ya chembe huku na huku. Maitansini huzuia nyuzi hizo zisijengwe, na chembe iliyozuiwa hivyo hufa. Shida yake ni kwamba haichagui. Wagonjwa walitapika, wakahara, wakaishiwa nguvu, na wengine wakapata maumivu ya mishipa ya fahamu, na hali uvimbe haukupungua kwa kiasi cha kustahili mateso hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yaliachwa. Hivyo miti ya Shimba ilikuwa imekatwa kwa ajili ya dawa isiyomponya mtu.

Lakini wakati huo huo jambo jingine lilikuwa limekwisha kutokea. Tangu mwanzo wanakemia waliliona umbo la maitansini kuwa la kushangaza. Ni duara lenye kitu mfano wa mpini wa kikapu, na kwa sababu hiyo huwekwa katika jamii ya kemikali zilizopewa jina kwa neno la Kilatini ansa, lenye maana ya mshikio. Kemikali za jamii hiyo zilizojulikana kabla yake hazikutoka katika mimea bali katika bakteria. Mojawapo ndiyo iliyozaa rifampisini, dawa ya kifua kikuu ijulikanayo katika kila hospitali ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1977 wataalamu wa kampuni ya Takeda ya Japani walitangaza kwamba wamepata bakteria atoaye kemikali zinazofanana mno na maitansini, wakaziita ansamitosini. Bakteria huyo siku hizi huitwa Actinosynnema pretiosum. Aweza kukuzwa katika matangi kama chachu ikuzwavyo, wala hakuna haja ya kukata mti hata mmoja.

Swali likawa hili: mti na bakteria wawezaje kutoa kemikali moja yenye umbo gumu namna hiyo? Ama kila mmoja alivumbua njia yake peke yake, ama mmoja aliipata kwa mwenziwe. Kabla jibu halijapatikana katika mimea ya jamii ya Maytenus, swali lile lile lilizuka katika mti mwingine wa mbali, nao mfano wake wafaa kuelezwa kwa sababu uliwafundisha watafiti kutazama ndani ya mimea.

Mti huo ni Taxus brevifolia wa magharibi ya Marekani. Mwaka 1962 Arthur Barclay, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo, alichukua magome yake katika jimbo la Washington. Monroe Wall na Mansukh Wani wakatoa ndani yake kemikali ya taksoli, na umbo lake likatangazwa mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz alionyesha kwamba taksoli hufanya kinyume cha maitansini: haizuii nyuzi za chembe zisijengwe, bali huzikaza zisivunjike zikiisha kujengwa. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilikubaliwa Marekani kwa saratani ya ovari. Lakini mti huo hukua polepole, na uchunwapo magome hufa. Hivyo mahitaji ya wagonjwa na uhai wa msitu vikawa vinashindana.

Mwaka 1993 Andrea Stierle, Gary Strobel na Donald Stierle walitangaza kwamba wametoa katika gome la mti huo, huko Montana, kuvu aishiye ndani ya mmea, ambaye akikuzwa peke yake hutoa taksoli kidogo. Wakampa jina la Taxomyces andreanae. Viumbe wa namna hiyo huitwa endofaiti, neno lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ndani na mmea, nalo huhusishwa na Anton de Bary, Mjerumani aliyeishi katika karne ya 19. Huishi katikati ya chembe za mmea pasipo kuudhuru kwa dhahiri. Tangazo hilo lilileta furaha kubwa, na kuvu wengi wengine wakatajwa kuwa na uwezo huo. Walakini kiasi kilichopatikana mara ya kwanza kilikuwa nanogramu 24 hadi 50 katika lita moja, na nanogramu moja ni sehemu ya bilioni ya gramu. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani waliowachunguza kuvu kadhaa, pamoja na yule wa kwanza, walisema hawakuona jeni za kuwawezesha kuitengeneza taksoli peke yao. Taksoli ya hospitali haikutokana na kuvu, bali ilitokana na majani ya mti ndugu wa Ulaya yanayoweza kuchumwa bila ya kuua mti, na baadaye chembe za mmea zilizokuzwa katika matangi.

Fundisho kama hilo lilitoka pia katika kemikali ya kamptotesini, iliyopatikana na Wall na Wani mwaka 1966 katika mti wa China uitwao Camptotheca acuminata. Kuvu mmoja wa mti huo, wa jamii ya Fusarium, alionekana kuitoa kemikali hiyo akiwa nje ya mti, lakini kila alipozaliwa upya katika chombo uwezo wake ukapungua. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba kuvu huyo amekosa kimeng'enya kimoja cha lazima, na kwamba hukitegemea kile cha mti. Basi haikutosha kuuliza kama mtengenezaji ni mti au kuvu, kwa kuwa huenda kila mmoja ana sehemu tu ya ufundi.

Kwa mafunzo hayo watafiti waliirudia mimea ya maitansini. Eckhard Leistner wa Bonn na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 2003, jambo lililofafanua mengi: katika jamii za Maytenus na Putterlickia, mmea mmoja waweza kuwa na maitansini na jirani yake wa aina ile ile usiwe nayo kabisa. Kama mmea ungekuwa ukiitengeneza kwa asili yake, jambo hilo lingekuwa gumu kueleweka. Mwaka 2002 Leistner, Heinz Floss na wenzao walikuwa wamezitaja jeni za Actinosynnema zinazofanya kazi hiyo, na hivyo ikawezekana kuzitafuta alama zake ndani ya mimea. Mwaka 2014 watafiti wa Dortmund, miongoni mwao Souvik Kusari na Michael Spiteller, walitangaza kwamba katika Putterlickia watengenezaji ni jamii ya bakteria waishio ndani ya mizizi. Mwaka 2016 walieleza kwamba katika Maytenus serrata kazi hugawanywa baina ya bakteria na mmea wenyewe. Wa ndani ya mti huo, basi, hawakuwa kuvu kama ilivyodhaniwa katika Taxus, bali bakteria. Na wala hawakuwa wakifanya kazi bila ya mwenyeji wao.

Mambo hayo yakitazamwa kwa nyuma, mavuno ya Shimba huonekana kwa sura nyingine. Mimea iliyochunguzwa Ujerumani ni ndugu wa mti wa Shimba, si mti wenyewe. Lakini ikiwa hali yake ni hiyo hiyo, basi waliopakia zile kilo 27,215 huenda walikata miti mingi isiyokuwa na kitu pamoja na ile iliyokuwa nacho, na waliifuata dawa katika shina na hali watengenezaji wake walikuwa viumbe wasioonekana kwa macho, katika mizizi au katika udongo unaoizunguka. Hakuna aliyeweza kuyajua hayo wakati huo. Lakini hasara ya kutojua haikumwangukia asiyejua, bali iliuangukia msitu.

Maitansini ilirudi hospitali kwa njia ambayo waliokata miti hawakuiwaza. Kwa kuwa nguvu yake yadhuru kila chembe, ilifungwa kwenye kingamwili inayozitambua baadhi ya chembe za saratani ya matiti, ili sumu ifunguke ndani ya chembe hizo na si mahali pengine. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, ilikubaliwa Marekani mwezi Februari 2013. Nyingine ya namna hiyo, mirvetuximab soravtansine, ilikubaliwa mwezi Novemba 2022 kwa saratani ya ovari. Asili ya sumu iliyomo ndani yake ni ansamitosini ya bakteria wakuzwao katika matangi. Kwa hiyo hapana mti wa Shimba ndani ya chupa hizo. Hata hivyo, bila ya mimea ya Afrika kemikali hiyo isingalijulikana wakati ule, wala wataalamu wa Japani wasingalikuwa na kitu cha kulinganisha na kile walichokiona.

Sheria zilikuja baadaye. Mapatano ya mwaka 1992 kuhusu viumbe hai yalikiri haki ya kila nchi juu ya mimea na wanyama wake, na itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, iliweka taratibu za kugawana faida. Kenya nayo ilitunga mwaka 2016 sheria ya kuyalinda maarifa ya jadi. Lakini sheria hizo zataka mwenye mali atajwe, na habari za maitansini zaonyesha jinsi kumtaja kulivyo kugumu. Dawa ilihesabiwa kuwa ya mmea, kisha ikahesabiwa kuwa ya bakteria wa matangini, kisha ikadhihirika kuwa ni ya wengi waishio pamoja. Kadhalika kwa watu: wako wanakemia wa Virginia, wako wataalamu wa Japani, wa Bonn na wa Dortmund, na wako waliolinda msitu hata mti huo ukakutwa ungali umesimama.

Katika pwani ile ile Mijikenda wanazo kaya, misitu ya wazee wao, ambayo baadhi yake, pamoja na Kaya Kinondo ya Wadigo, iliandikwa na Unesco mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Mila ya kaya hailindi mti mmoja kwa ajili ya faida yake. Yakataza kukata miti ya mahali pote, mkubwa na mdogo, wenye jina na usio na jina. Kwa muda mrefu watu wa nje waliiona mila hiyo kuwa ni ya matambiko tu. Lakini ikiwa dawa hutengenezwa na mti pamoja na wale waishio ndani yake na chini yake, basi mwenye kuuhifadhi msitu mzima ndiye aliyeihifadhi dawa, hata kama hakuwahi kuliona wala kulitaja jina la mtengenezaji.